Herufi Nyeupe kwenye Ngoma Sita

Juzi nilikwenda Bariadi kwa shughuli za ofisi, nikachepuka hadi kijijini kwetu. Godauni la ushirika bado limesimama, ndugu yangu, ila siku hizi wanaweka saruji. Nilichungulia ndani nikijua fika kwamba sitaona nilichokuwa nakitafuta. Utu uzima nao una ujinga wake.

Nilipokuwa darasa la tano tulikuwa watoto sita wa ngoma. Mwalimu wa nyimbo alituokota sisi tulioshindikana: mgomvi mmoja, mwenye kigugumizi, mapacha watoro, binti wa jirani asiyeinua macho, na mimi msichana mwenye mdomo usiofungwa. Ngoma zenyewe zilitoka majumbani kwetu. Ng'ombe mmoja wa bibi alikufa kwa ukame, ngozi yake ikawambwa kwenye ngoma yangu. Kila nilipopita nayo, bibi aliisalimia kwa Kisukuma, kama alivyozoea kumsalimia yule ng'ombe zizini.

Mchana baada ya masomo tuliwasha moto wa mabua ya pamba, tukakaza ngozi kwa joto huku tukitafuna michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa juani. Mwalimu alikuwa na utaratibu wake. Kila mtoto alifundishwa mapigo yake tu, na kugusa ngoma ya mwenzako lilikuwa kosa la viboko. Yangu yalikuwa mapigo mawili, halafu kimya kirefu. Kimya hicho kilinitesa, wee! Mwalimu akaniambia nisihesabu, nimsikilize mwenzangu, yeye ndiye atakayeniita. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kunyamaza, jambo ambalo mama alikuwa ameshindwa kunifundisha. Mgomvi naye alitulia, maana pigo lake lilikaa katikati ya mapacha, na siku akigombana nao lilimpotea. Mwenye kigugumizi hakupona, nisikudanganye. Ila sisi tulizoea kumsubiri amalize sentensi.

Kila msimu wa pamba tulipopiga ngoma, ndipo ununuzi ulipofunguliwa. Mwaka mmoja ilibaki rangi nyeupe waliyopakia mlango wa godauni. Kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na mwandiko mzuri, nikashauri tuandike jina la chama chetu cha ushirika kwenye kila ngoma, tupendeze. Wazee walisifu sana. Chama kilikuwa sisi wenyewe, nani angewaza vinginevyo?

Kisha likaja soko huria. Wanunuzi binafsi walifika na malori yao, na spika juu ya bodi. Ngoma za watoto hawakuzihitaji. Chama kikafa. Akatumwa mfilisi, mtu wa kuorodhesha mali za chama ili ziuzwe, na katika kupekua akazikuta ngoma zetu kwenye stoo ya shule.

Bibi alikwenda mwenyewe kuidai yake.

"Ng'wanawane," alimwambia mfilisi, yaani mwanangu, "ngozi hii naijua. Ni ya ng'ombe wangu."

Mfilisi hakuwa mkali. Alimpa shikamoo, kisha akaweka kidole juu ya herufi. "Lakini mama, hapa pameandikwa."

Bibi hakujua kusoma. Akanigeukia mimi nimsomee, kwa imani yote, maana mimi ndiye niliyekuwa msomi wake. Nikasoma. Akauliza ni nani aliyeandika uongo huo. Nilisema ni mimi, na sijawahi kuona uso wa mtu ukichoka vile.

Ngoma zilifungiwa godauni zikisubiri mnunuzi. Panya walizifikia kabla yake. Mwalimu alihamishwa, na nilipokuja kumtafuta alikuwa amekwisha kufariki. Mapacha walihama na ng'ombe wao kwenda Meatu, mgomvi sijui aliko. Binti wa jirani aliolewa mbali. Mwenye kigugumizi tulimzika.

Nimewahi kulilaumu soko huria, nikamlaumu na mfilisi, lakini brashi niliishika mimi. Na kwa utaratibu ule wa mwalimu, hakuna hata mmoja wetu aliyejua ngoma nzima. Kila mmoja aliondoka na kipande chake, na cha kwangu ndicho kidogo kuliko vyote.

Niliporudi kutoka Bariadi binti yangu aliniomba nimpigie ile ngoma ya utotoni. Nikampigia mezani mapigo yangu mawili, nikanyamaza. Alisubiri kwa adabu, muda mrefu. Kisha akaniuliza, mama, unaanza saa ngapi?