Samli ya habaryar wangu ilikamatwa kwa kosa la kuyeyuka

Asalaam aleikum wakuu, na wale wa habari za mchana, habari zenu pia.

Mimi ni mzee, mwalimu mstaafu, naandika kwa kidole kimoja, kwa hivyo mnivumilie. Juzi humu ndani kijana mmoja aliuliza science ya shule inamsaidia nani maishani. Nikakasirika. Leo namjibu kwa jambo nililoliona kwa macho yangu mwenyewe. Chumvi siongezi. Mkiona limezidi, jueni ndivyo lilivyokuwa.

Wakati wa vita vya shifta, wale waasi wa huku kwetu kaskazini, miaka ile baada tu ya uhuru, nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, nafundisha primary Habaswein. Ualimu wenyewe sikuwa nimeusomea. Nilikuwa na kitabu kimoja cha science, na nilichoelewa vizuri ni ukurasa wa kwanza: kila kitu duniani ni solid, liquid au gesi.

Bahati mbaya, afisa mmoja wa eneo letu naye alikuwa ameuelewa ukurasa huo huo.

Akatoa amri. Ukisafiri na chakula au maji, yaandikwe kwenye pasi yako. Solid kwa ratili, liquid kwa painti. Ukifika barrier mzigo usifanane na karatasi, basi umewalisha shifta, na utapanda lori la saa kumi kwenda kizuizini. Huko watu walikaa miezi, na wengine hatukuwaona tena.

Sasa habaryar wangu, dada mdogo wa mama, binti yake alikuwa amejifungua Garissa. Kwetu mzazi akikaa zile siku arobaini bila samli, ukoo mzima unasemwa. Habaryar akajaza debe dogo la samli ya ng'ombe, ratili kumi, akaniambia nimsindikize.

Tulitoka Habaswein alfajiri kwa lori la abiria, kuna baridi. Karani wa pasi akafungua debe, akachoma samli kwa penseli, penseli ikasimama wima. Akaandika: SOLID, ratili 10. LIQUID, hakuna. Muhuri.

Mnaojua jua la barabara ile mshaona tunakoelekea. Mimi mwalimu wa science sikuona!

Barrier tulifika saa saba mchana. Koplo akafungua debe, akatazama karatasi, akatazama debe tena.

"Mama, solid iko wapi?"

"Si hii, afande. Samli."

"Hii ni liquid."

"Ni ile ile, wallahi. Hii jua ndio imefanya hifyo. Mimi hakuna mtu nimebea hata kijiko."

Koplo hakuwa mtu mbaya, wakuu. Alikuwa mtu wa kufuata kazi, na hao ndio wagumu zaidi. Akachukua kikombe chake cha painti akapima samli yote. Painti tisa kasoro kidogo. Akachuchumaa, akapiga hesabu mchangani kwa kijiti.

Solid ratili kumi haipo, kwa hivyo mama amewapa shifta. Liquid painti tisa imetokea, kwa hivyo shifta wamempa mama. Makosa mawili.

"Mnabadilishana nao," akasema, na alionekana ameumia kweli.

Nikamwambia aweke debe kwenye mizani, kwa sababu kitu kikiyeyuka uzito haupungui. Akakataa. Liquid haipimwi kwa ratili, amri iko wazi.

"Basi irudi solid," akasema. "Ikirudi kabla ya saa kumi, mama aende Garissa. Isiporudi, apande lori."

Habaryar alinitazama mimi. Ndiye aliyenilea tangu mama afariki.

Nikakumbuka mfuko wa turubai wa maji, ule tuliokuwa tukiuning'iniza ubavuni mwa lori. Nje umelowa, upepo unaupiga, na maji ndani yanapoa hata jua likiwa utosini. Nikazungushia debe magunia, nikaliweka kivulini mwa lori letu upande wa upepo, nikaanza kumwagia maji na kukoroga samli kwa kijiti. Maji yangu, yaliyoandikwa kwenye pasi yangu, yakaisha upesi. Abiria wakaanza kutoa yao, kikombe kikombe.

Koplo akaja. "Maji ya hawa watu imeandikwa kwa pasi. Imeenda wapi?"

"Imekuwa gesi, afande."

Akaichukua pasi moja, akaigeuza mbele na nyuma. Safu ya gesi haikuwepo.

"Sawa. Gesi hatuna amri nayo."

Saa tisa na nusu samli ikaanza kushika chembechembe. Kufikia hapo koplo mwenyewe alikuwa anapepea gunia kwa kofia yake, jasho linamtoka. Dakika chache kabla ya saa kumi akatumbukiza kijiko. Kikayumba, kikainama kidogo, kikabaki hapo.

"Solid!" akapiga kelele. Abiria wote wakashangilia, habaryar akalia, muhuri ukapigwa, tukaambiwa tuondoke mbio kabla haijabadilisha nia.

Ndipo mzee mmoja akanigusa bega. Alikuwa nyuma yetu kwenye foleni. Pasi yake ilisema LIQUID, maziwa ya ngamia, fresh, painti sita. Lakini mchana kutwa kwenye joto yalikuwa yamechachuka. Koplo alishaonja, akasema hii si fresh, hii ni nyingine.

"Maalim," mzee akaniambia kwa Kisomali, kwa adabu kabisa, "na haya yangu nirudishie, adeer," kama mtu anayemwita mtoto wa nduguye.

Wakuu, samli ikiyeyuka bado ni samli. Maziwa yakichachuka yamekuwa kitu kingine, na hayarudi. Nikamweleza koplo hivyo hivyo, kitaalamu, nikidhani namtetea mzee. Nikasema mabadiliko ya aina hii hayana njia ya kurudi nyuma, afande, hata ufanye nini.

Koplo akaitikia kwa kichwa. "Basi hata wewe mwalimu umekubali kwamba si yale yale."

Mzee akapandishwa lori la saa kumi na kibuyu chake. Alinishukuru kwa kujaribu.

Binti alikula samli siku zote arobaini. Mimi nimefundisha science miaka mingi baada ya hapo, na nilichojifunza ni hiki: kabla ya kusema lililo sahihi, angalia unamwambia nani. Koplo alikuwa mtu wa bara, maziwa ya ngamia alikuwa hayajui. Ningemwambia tu yakiwa fresh huwa makali hivi, angeamini. Uongo wa maneno matano. Haukunijia, nilikuwa nimefurahia sana kuwa na akili.

Walio na wazee wao Habaswein, Hadado, Eldas na kwingineko, ulizeni nyumbani. Kama kwenu kuna aliyechukuliwa barabarani na kibuyu cha maziwa, niandikieni jina lake hapa chini.

Mimi sikumwuliza.