Wenu Wameshinda

Ulimi wa Fundi Mfaume ulikuwa mkali kuliko sindano yake. Miaka ishirini alishona kwenye baraza ya duka la Premji, Tabora mjini, na kriketi aliijua kwa zile suruali nyeupe tu alizowashonea wachezaji wa Kihindi.

Jioni moja ya mwaka sabini na tano, Premji alikuwa ameikumbatia redio. Timu ya Afrika Mashariki ilikuwa Uingereza kwenye Kombe la Dunia, ikicheza mechi ya siku moja na India. Mechi gani! India walishinda bila mpigaji wao hata mmoja kutolewa.

Mfaume akasimamisha cherehani, akacheka. "Hongera, Premji! Wenu wamewachapa wetu."

Premji akazima redio. Machozi yalikuwa yakimlengalenga.

"Fundi, mimi nimezaliwa hapa hapa. Mkunga aliyenipokea ni mama yako. Sasa wenu ni nani, na wetu ni nani?"

Mfaume akajifanya anaokota uzi. Kisha akavuta kigoda, akaketi karibu na redio iliyonyamaza.

"Tumefungwa ngapi, ndugu yangu?"