Mtogwa Wangu wa Asubuhi

Ninyi mnaokaa nami kwenye makreti haya nje ya karakana ya baiskeli mnajua kuwa siwezi kusema mbele ya watu. Kwa hiyo nimeandika kwenye daftari, na Fundi Ambakisye atawasomea. Akifika pabaya asiruke.

Nilizaliwa Kilolo. Nyuma ya nyumba yetu kuna mianzi aliyoipanda baba kabla hajafa kwa tumbo kuvimba. Walisema amerogwa. Mvua zikianza, chipukizi la mwanzi hukatwa ncha asubuhi na jioni, na maji yake hukingwa kwa kipande cha mwanzi kiitwacho mbeta. Yakinywewa siku hiyohiyo ni matamu. Huo ndio mtogwa, hata mtoto anayejifunza kutembea hupewa. Yakilala huchachuka yakawa ulanzi, na yakizidi kulala huwa mkangafu, unaoangusha wanaume.

Baba alipofariki nilikuwa na miaka kumi, nikawa mgema wa nyumba. Mgema lazima aonje. Mimi nilionja kila mbeta.

Nilipofika kidato cha pili mjini Iringa, nilikuwa siwezi kushika kalamu kabla sijanywa. Asubuhi nilitapika nyongo. Mikono ilitetemeka hata nikamwagia jirani yangu wino. Wenzangu wakaniita Mbeta, na mimi nikacheka nao. Siku moja, kwenye bustani ya shule, nilitapika damu nyeusi kama mashapo ya kahawa, nikaanguka katikati ya kabichi.

Kwenye hospitali ya misheni daktari alinibonyeza ubavuni, nikapiga kelele.

"Una umri gani?"

"Kumi na saba."

"Ukinywa tena, wataniletea maiti, si mgonjwa."

Nililala pale wiki tatu. Niliona siafu wakipanda ukutani, muuguzi hakuwaona. Nilijikojolea kitandani. Naona aibu kuyaandika haya, lakini yalitokea.

Nilipotoka nilipelekwa kwenye chama cha walioacha pombe, kilichokutana Jumapili baada ya ibada. Nikasimamishwa mbele. Mzee mmoja akauliza kwa sauti, "Haka nako kameanza kunywa lini?" Watu wakacheka. Niliapa mkono juu, wakapiga makofi. Kisha kina mama wakaleta ndoo na vikombe. Niliijua ile harufu kabla haijanifikia.

"Mama, si huu ni mtogwa?" nikauliza taratibu.

"Ndiyo, mwanangu. Umegemwa leo alfajiri. Mtogwa si pombe."

Wote walioapa walikunywa. Mwenyekiti alikunywa vikombe viwili. Na mimi, ninayeona haya hata kukataa kuongezewa chumvi, nikanywa.

Jumatano nilikuwa kilabuni na mkangafu. Alhamisi nilitapika damu tena. Jumapili jina langu likasomwa mbele ya watu kwamba nimevunja kiapo, sifai tena. Ile ndoo haikusomwa.

Baadaye mwalimu alinituma na baiskeli yake kwa fundi mmoja, Mnyakyusa aliyehamia kutoka Mbeya. Nikashindwa kushika pampu. Fundi Ambakisye akaitazama mikono yangu.

"Mnyalukolo, mtu wa Iringa, unakunywa nini?"

"Nimeacha. Nakunywa mtogwa tu."

"Mtogwa tu! Mie kwetu nilikunywa pombe ya ulezi tu. Ikanilia ng'ombe, ikanilia na mke. Njoo hapa kesho saa kumi na moja jioni."

"Mbona saa hiyo?"

"Ndipo ulanzi wa jioni unashushwa. Miguu yako itakuwa inatafuta njia. Afadhali iwe imekaa."

Nikawakuta ninyi wanne na Fundi, na birika la chai ya rangi. Hakuna aliyeniapisha. Kila mtu aliulizwa neno moja tu: "Leo?" Mama Tulia, aliyewahi kupika pombe, akajibu, "Leo bado. Nimeacha mara tisa. Hii ya kumi msinipigie makofi, mtanitia nuksi."

Zamu yangu nikasema sijanywa.

"Na mtogwa?" Fundi akauliza.

Nikalia. Mama Tulia aliniongezea chai.

Likizo ya masika nilikwenda nyumbani. Mama alinipokea mlangoni na kikombe.

"Kamwene, mwanangu. Kunywa, wa leo huu."

"Mama, naomba maji."

"Nimekulea na huu. Kwa hiyo nilikulisha sumu?"

Nilikwisha kusema uongo mwingi, sikutaka kuongeza. "Ndiyo, Mama."

Akageuka, akampa kikombe mdogo wangu Luzia, mwenye miaka minane. "Kunywa wewe, mwenye akili." Luzia alikishika kwa mikono miwili. Nikampokonya, nikamwaga chini. Mtoto akalia, anataka utamu wake.

"Mianzi hii aliipanda baba yako!" Mama akasema.

"Na ndiyo iliyomzika."

Nyumbani kwetu neno hilo halikuwahi kutamkwa. Tangu siku ile Mama hasemi nami.

Nawashukuru kwa chai na kwa kutonipigia makofi. Mama nitamshukuru siku nitakapoweza. Leo siwezi, na sitaki kudanganya. Wewe unayetafuta watu wa kukusaidia kuacha, usisikilize kwanza wanaapa nini. Ngoja wamalize kusali, uone kinachomiminwa vikombeni.

Mimi leo sijanywa. Lakini mvua zimeanza tena Kilolo, na saa hii Fundi anapowasomea, mbeta za jioni zinashushwa, na Luzia amesimama chini ya mianzi na kikombe chake.