Hadithi Chini ya Kanga

Leo mchana nilikuwa steshenini Voi, nikingoja gari la moshi la Taveta. Kando yangu wanawake wawili walikalia gunia la mahindi. Mmoja ni yule bibi wa hapa mjini anayeandika hadithi za watoto. Rafikiye, mkulima kutoka Mwanda, alikuwa anahamia Taveta kwa bintiye.

"Somo yangu, nimalizie ile ya fisi kabla hujaenda," mwandishi alimbembeleza. "Watoto hawanipi nafasi."

"Mchana huu? Kwetu hadithi husimuliwa gizani."

Mwandishi akavua kanga ya mabegani, wakajifunika wote wawili gubigubi. Nikasikia minong'ono, kicheko, kisha kimya laini kama cha watu waliosinzia. Gari likaja, likapiga mluzi, likaondoka polepole. Nami sikupanda; nilikuwa nimetega sikio.

Kanga ilipofunuliwa, mkulima aliitazama reli tupu, wala hakuonyesha majuto.

"Na fisi je?" nilishindwa kujizuia. "Mwishowe alifanyaje?"

Aliinua macho kwenye jua, akayarudisha kwangu.

"Mchana huu?"

Ndiyo maana safu ya leo naiandikia hapa hapa Voi, nikingoja jua litue.