Mhudumu wa Maktaba Aliyefundisha Kompyuta kwa Katoni

Saa tatu kasorobo asubuhi, Jumanne ya pili ya Novemba 1998, Benedetta Akiteng ameinamia meza ya mapokezi ya maktaba ndogo ya umma ya Burumba, mjini Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, kalamu mkononi. Mbele yake kuna fomu nne. Zote zimejazwa. Kilichobaki ni sahihi yake.

“Weka sahihi, mama, tumalize,” anasema mkuu wake, Ignatius Okinyi, huku akichungulia dirishani. “Huyo mtafiti wa Nairobi ameshashuka kwenye basi.”

Fomu zinasema kwamba watu 212 wametumia kompyuta ya maktaba tangu Machi. Benedetta anaijua hesabu ya kweli. Hakuna hata mmoja.

Anaiweka kalamu chini, anakwenda kupanga magazeti ambayo alikwisha kuyapanga.

Kompyuta hiyo ililetwa na wafadhili ili wananchi wa mpakani nao wajifunze. Siku mashine ilipofika watu walikunywa soda, wakapiga makofi, wakaenda zao. Okinyi akaifungia ofisini mwake na kuifunika kwa kitambaa cha meza. Ufunguo wa kuiwashia ukakaa mfukoni mwa koti lake.

“Nilikuwa naogopa,” Okinyi alimweleza mwandishi wa makala haya bila kuficha. “Watu wa soko wanakuja na mikono ya samaki. Ikiharibika, nani ataulizwa? Si mimi?”

Benedetta, mwenye umri wa miaka 43, ni mzaliwa wa Chakol. Amefanya kazi katika maktaba hiyo kwa miaka kumi na mmoja, na mshahara wake ni shilingi 4,800 kwa mwezi. Mumewe, Otukei, alipooza upande mmoja miaka mitatu iliyopita. Watoto wanne wanamtegemea yeye peke yake. Kwa hiyo mkubwa aliposema mashine isiguswe, haikuguswa.

Lakini watu hawakuacha kuuliza. Aliyeuliza zaidi ni Alaso, mjane anayeuza omena, dagaa wa ziwani, katika soko la Burumba. Kikundi chake cha akina mama kilikuwa kimepeleka barua mara mbili kwa baraza la mji kuomba choo cha soko, na mara zote mbili barua ikarudishwa. Karani aliwaambia walete iliyochapwa, si ya mkono. Mjini, kuchapiwa ukurasa mmoja ni shilingi hamsini.

“Omena ya siku nzima wakati mwingine hainipi hiyo hamsini,” anasema Alaso. “Na mashine ya bure iko pale, imefunikwa kama maiti.”

Mwezi wa Aprili, Benedetta alimwomba Okinyi ruhusa ya kupangusa vumbi ofisini. Alipobaki peke yake alifunua kitambaa, akachukua kifuniko cha katoni ya sabuni, akanakili kwa penseli kila kitufe mahali pake. Mara mbili, anakumbuka, alisikia viatu vya Okinyi ukumbini, akaifunika mashine upesi.

Kupiga chapa alikujua tangu ujana, alipofundishwa na masista wa misheni. Basi saa ya chakula cha mchana akaanza kukaa na wanawake tisa wa kikundi cha Alaso kwenye benchi nyuma ya maktaba, kila mmoja na katoni yake, iliyonakiliwa kutoka ile ya kwanza, magotini.

“Nikisema A, wanagusa A. Nikisema futa, wanafuta,” anasimulia. “Hakuna kitu kinatokea, lakini kidole kinajua njia.”

Walifanya hivyo miezi saba.

Ndipo akaja Mourine Akeyo, mtafiti kutoka chuo kikuu kimoja cha Nairobi. Alikuwa akizunguka maktaba za mikoani kuchunguza jambo moja: je, maktaba ya umma inaweza kumfikisha mtu wa kawaida kwenye mashine hizi mpya, au zitabaki za wenye ofisi? Barua iliyomtangulia ilionya kwamba kompyuta isiyo na watumiaji ingehamishiwa Kisumu.

Jioni ya kuamkia Jumanne ile, Okinyi alimwita Benedetta ofisini. “Ukisema ukweli, mashine inaenda. Ukiweka sahihi, inabaki, na pengine nitaifungua. Halafu fikiria mzee wako pale nyumbani.”

Kesho yake asubuhi, mtafiti alipoingia, fomu zilikuwa bado hazina sahihi.

Mtafiti aliketi, akazisoma fomu bila haraka. Alipomaliza ya nne aliinua macho. “Hizi hazina sahihi ya mhudumu.”

“Ataweka sasa hivi,” alisema Okinyi.

“Sawa. Na kati ya hawa watu 212, naweza kuonana na watano tu?”

“Wengi wako mashambani, madam. Huu ni msimu wa kuvuna.”

Benedetta alikuwa amesimama mlangoni. Alimtazama Okinyi, akautazama mfuko wa koti lake, kisha akasikia sauti yake mwenyewe ikitoka.

“Hawako, dada. Hiyo mashine haijawahi kuwashwa.”

Okinyi alisimama ghafla hadi kiti kikaanguka. “Benedetta! Unajua unachofanya?”

“Najua, mkubwa.”

Mtafiti alifunga daftari lake polepole. “Basi nitaandika hivyo. Mnaelewa maana yake?”

“Naelewa,” Benedetta alijibu. “Lakini andika pia kwamba watu wanajua kuitumia.” Akaenda nyuma, akarudi na rundo la katoni zilizochakaa, akaziweka mezani.

Akeyo alichukua moja, akapitisha kidole juu ya herufi za penseli. Hakucheka. “Niletee mmoja wao,” alisema. “Na mashine ifunguliwe.”

Okinyi alidai ufunguo uko nyumbani kwake, Mundika. Mtafiti akasema basi lake lilikuwa la saa sita, angesubiri. Saa nzima ilipita, Okinyi akijifuta jasho, kisha ufunguo ukatoka mfukoni.

Alaso aliitwa kutoka sokoni. Alinawa mikono mara tatu bombani, akainusa, akanawa tena. Kisha akaketi mbele ya mashine.

“Usimsaidie,” mtafiti alimwambia Benedetta. “Hata neno.”

Kioo kilikaa cheusi hadi Benedetta akadhani panya wamekata waya. Kikawaka. Mtafiti akafungua ukurasa mtupu, akasogea pembeni.

Alaso alibonyeza herufi ya kwanza kwa nguvu, kama alivyozoea kwenye katoni, na hakuondoa kidole. S ikajaa mstari mzima, ikashuka wa pili, ikaendelea. Akaruka nyuma akipiga yowe. “Uwi! Nimeiharibu! Mama Benedetta, nimeiharibu!”

“Nilisema nini mimi?” Okinyi alifoka.

Benedetta aliuma mdomo. Miezi saba alikuwa amewafundisha kugusa, lakini hakuwahi kuwafundisha kuachia, kwa kuwa katoni haikuhitaji kuachiwa. Kosa lilikuwa lake, na hakuruhusiwa kulisema.

Alaso alikaa ametazama ule msururu wa S. Kisha kidole chake kikaanza kutembea hewani juu ya vitufe, midomo ikicheza bila sauti, hadi kona ya juu kulia. “Hii ni ya kufuta,” alinong’ona. Akagusa, akaondoa kidole upesi kama aliyegusa sufuria ya moto. S moja ikatoweka. Akagusa tena, na tena, hadi zote zikaisha.

Halafu akaandika: sisi akina mama wa soko la burumba.

Barua yote ilimchukua dakika hamsini. Printa iliyoletwa pamoja na mashine ilipotema karatasi kwa kelele zake, Alaso aliishika kwa ncha za vidole, akaisoma kwa sauti mwanzo hadi mwisho, akalia.

Basi la saa sita lilimwacha mtafiti. Alilala Busia.

Ripoti yake ilifika Januari. Mbele ya jina la Burumba aliandika mtumiaji mmoja. Chini yake akapendekeza mashine ibaki, ihamishiwe ukumbi wa wasomaji, na ufunguo ashike mhudumu. Imefanyika hivyo.

Benedetta hakutoka salama kabisa. Alipewa barua ya kujieleza kwa kumdharau mkubwa wake, akakaa wiki sita bila kujua kama ana kazi. Mwishoni alibakizwa kwa onyo kali. Okinyi bado ndiye mkuu wake. Wanasalimiana, hawaongezi.

Barua ya akina mama ilipokelewa na kupigwa mhuri. Choo hakijajengwa, ila shimo limechimbwa.

Sasa macho ya Benedetta yako Malaba, kilomita chache kutoka kwao Chakol. Wanawake wanaovusha mizigo mpakani hapo wanajaziwa makaratasi na watu wasiowajua, anasema, wakiweka dole gumba bila kujua wamekubali nini. Ameomba wafadhili wale wale kompyuta moja, na parokia imempa chumba.

“Hakina mlango bado,” anasema, akifunga kitambaa chake kichwani. “Mlango nitatafuta. Watu wameshaanza kuniuliza ni siku gani tunaanza.”