Komeo la Chumba cha Uani

Juzi, arusini Mlandege, nilimwona binti mwenye maradhi ya akili akitunga asumini pamoja na wenzake, nikamkumbuka shangazi yangu, Zuwena, aliyekuwa na maradhi kama hayo. Alasiri moja, nilipokuwa mtoto, nyumba yetu ilinukia udi na hiliki, kwani wageni walikuwa wanakuja kumposa dada yangu. Mama alimfungia shangazi chumba cha uani. Mimi nilidhani maradhi yake yanaambukiza kama ndui. Sikujua kwamba alichokosa ni watu.

"Mwanangu, nifungulie," aliniita taratibu. "Nshaoga, nshavaa kanga mpya. Ntakaa kimya tu."

Komeo lilikuwa upande wangu.

"Shangazi, mama kawaambia wageni umelala," nilimjibu, nikakimbilia halua.

Hakuniomba tena. Tangu siku ile, hata mlango ulipoachwa wazi, alibaki ndani.