Ndama wa Udongo

Juzi hapa Somanda niliwakuta watoto wa jirani wakicheza kwa dadu na karatasi, wakijifanya mashujaa. Mmoja akasema, "Upanga nimekuazima tu, ulichopata nao ni changu." Nikamkumbuka dada yangu Kabula, tuliyemzika karibuni.

Mchana mmoja wa utotoni kule Mkula, udongo ukinukia mvua, tulicheza ufugaji. Kabula aliniazima ng'ombe wake wa udongo nimkamue. Nikafinyanga ndama, kana kwamba ng'ombe huyo amezaa.

"Huyo ni wangu," akasema. "Wewe kunywa maziwa."

"Nimemfinyanga mimi!"

"Mwizi wa ng'ombe wewe!" Akacheka, kisha akanisogezea ndama. "Haya, umetunza vizuri. Chukua."

Nilidhani ananidhihaki, nikamponda ndama kwa kiganja. Sikujua kuwa wafugaji wetu huwapa ndama wa shukrani waliowatunzia ng'ombe. Kabula akanawa mikono. Mpaka leo sijui kama aliumia.